Shangazi wa Mizani anajibu: baruti kidogo ndani ya ganda kubwa

Toleo lililopita niligusia tu, tena mwishoni mwa ukurasa, kwamba Jumamosi moja kila mwezi huamka saa kumi alfajiri, nikavaa sketi ndefu na buti, nikafunga leso shingoni, nikaenda uwanja wa shabaha nje ya Phoenix kupiga vibao vya chuma kwa bastola za mtindo wa 1873. Nikasema pia kwamba risasi zangu nazijaza mwenyewe, nyepesi. Maneno hayo machache yameniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika hapa juu ya cherehani na visu. Nimechagua nane.

Wasionijua: mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na kazi yangu tangu ujana ni famasia. Nimewapimia watu dawa miaka 24, kwanza nyumbani, kisha huku Arizona. Ndiko lilikotoka hili jina la safu.

Kwanza tuelewane maneno. "Risasi" kwetu ni madini, ni kile kinachotoka mtutuni, na ni kitu kizima kinachouzwa dukani. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni yale madini. Hapa nikisema risasi nina maana ya kitu kizima. Ganda ni kile kikopo cha shaba ya manjano. Kichwa ni kile kinachoruka. Fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachopigwa na nyundo kikawasha baruti. Na ukiona .45 Colt, .44-40 au .38 Special, hayo ni majina ya saizi za risasi.

"Shikamoo Shangazi. Kwa nini mtu apunguze nguvu ya risasi kwa makusudi? Nilidhani bastola ya kauboi ndiyo inayotakiwa ingurume. Na huo mchezo unachezwaje hasa?" Msomaji wa Columbus, Ohio.

Marahaba mwanangu. Mchezo ulianza kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na chama chake kikubwa, Single Action Shooting Society, ambacho wenyewe hukiita SASS, kikaundwa mwaka 1987. Kila mchezaji ana silaha nne: bastola mbili ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kila unapopiga, bunduki ya wenzo inayokula risasi za bastola, na bunduki ya marisau ya mtindo wa zamani. Bastola ina vyumba sita lakini tunatia risasi tano, nyundo inalala juu ya chumba kitupu. Bunduki ya wenzo kwa kawaida tunaitia kumi. Saa inalia, unapiga vibao kwa mpangilio mliosomewa. Ukikosa kibao unaongezewa sekunde 5, ukivuruga mpangilio sekunde 10. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi.

Vibao vya bastola ni vikubwa na viko karibu, yadi 7 hadi 10, kama kutoka barazani hadi ng'ambo ya njia ya mtaani. Nguvu ya kuangusha nyati haina kazi hapo. Kinachotakiwa ni mtutu usiruke, ili gumba liikute nyundo mahali pale pale. Tena chuma kilicho karibu hurudisha vipande. Ndiyo maana kanuni inataka vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti la shaba, na kasi isizidi futi 1,000 kwa sekunde kwa bastola na futi 1,400 kwa bunduki ya wenzo.

Chini nako kuna mpaka. Zidisha uzito wa kichwa kwa greni na kasi yake kwa futi, gawanya kwa 1,000, jibu lisipungue 60. Kasi nayo isipungue futi 400. Kichwa cha greni 105 kikienda futi 600 kinatoa 63, kimepita. Greni ni kipimo cha kale cha wauza dawa, karibu miligramu 65. Kidonge cha aspirini cha Marekani kina miligramu 325 kwa sababu zamani kiliandikwa greni 5. Nilipofungua kitabu changu cha kwanza cha kujaza risasi nikakuta greni kila ukurasa, nilimkumbuka mwalimu wangu aliyetukaririsha vipimo vya kale nasi tukinung'unika kwamba havitatufaa kitu.

Na kwa nini kujaza mwenyewe? Shindano la vituo sita linakula risasi 120 za bastola na bunduki ya wenzo, marisau mbali, na hujahesabu mazoezi. Ganda ndilo lenye gharama kubwa, na ganda hutumika tena na tena.

"Dada, salamu. Nimenunua bastola mbili na bunduki ya wenzo, zote za .45 Colt. Najaza kwa kichwa cha greni 160. Nilianza na kipimo cha chini cha kitabu, kisha nikashusha kidogo tena kwa sababu mke wangu naye ameanza kupiga. Sasa maganda yanatoka meusi ubavuni, nikipiga bunduki masizi yananirukia usoni, na Jumapili iliyopita risasi moja ililia kidogo mno. Nirekebishe wapi?" Baba Mapacha, Houston, Texas.

Kaka, risasi zilizobaki za kundi hilo usizipige. Zitie kwenye boksi, bandika karatasi yenye tarehe, uziweke mbali na zile nzima.

Ule mlio mdogo ndio ulionifanya niweke pembeni barua nyingine zote, niandike jibu lako kabla ya mengine. Uliangalia ndani ya mtutu kabla ya kupiga nyingine? Hukuandika. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiitafuta sentensi hiyo.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Novemba, nilikuwa chumbani kwangu cha kazi usiku nikijaza .45. Nilikuwa na kile kibao cha mbao chenye matundu 50, kila tundu ganda moja limesimama mdomo juu, nami natia baruti mstari kwa mstari. Simu ikalia kutoka Tanga. Mama yetu mkubwa amefariki. Nikatoka, nikakaa na simu saa nzima, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumalizia kwa sababu sikutaka kulala. Nikaanzia pale nilipodhani nimeishia.

Jumamosi iliyofuata, bastola ya pili, risasi ya tatu, nikasikia "tup", kama mtu aliyefunga mlango wa kabati. Mkono haukusukumwa. Gumba langu lilikwisha kuwa juu ya nyundo kwa mazoea, linavuta. Mwenye saa alikuwa mzee mmoja aliyesimama begani kwangu, akanipigia kelele nisimame, na akaushika mkono wangu. Mezani tulipotoa risasi zote alipitisha kijiti cha mbao kutoka mdomoni mwa mtutu, kikaingia vidole vitatu tu, kikagota. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani. Ganda lile halikuwa na baruti hata punje moja. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi mtutuni, haina nguvu ya kukitoa. Ningepiga ya nne nyuma yake, mtutu ungevimba au kupasuka mkononi mwangu.

Nikarudi nyumbani, nikazivunja zote zilizobaki za usiku ule, moja moja, kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa. Kazi ya jioni mbili. Kila ganda nikamwaga baruti yake kwenye mizani. Kwenye ganda la 31 mizani ikasoma maradufu. Hapo nikaelewa kilichotokea: niliporudi kutoka kwenye simu nilianza tundu lisilo lake, nikalitilia mara ya pili ganda lililokwisha tiwa, na mahali pengine nikaruka moja. Lile tupu lilinipa onyo. Lile maradufu lilikuwa bado kwenye boksi linangoja zamu yake.

Kichwa kile kilichokwama ninacho hadi leo ndani ya kichupa cha aspirini, kimekaa juu ya mashine yangu ya kujazia. Kina mikwaruzo ya mtutu ubavuni, na bapa mbele pale tulipokigonga kwa kijiti.

Kwa nini .45 Colt hasa? Ganda hilo liliingia jeshini mwaka 1873, pamoja na bastola yake, kwa ajili ya askari wa farasi wa jeshi la Marekani, nalo lilichukua greni 40 za baruti nyeusi nyuma ya kichwa cha greni 250 hivi. Baruti nyeusi ililijaza hadi juu. Sisi tunatia baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa zaidi kwa uzito ule ule, nayo inalala chini kama sukari iliyobaki kwenye kikombe cha chai. Ukiinamisha mtutu kabla ya kupiga, baruti inakimbilia mbele, mbali na fataki. Ukiuinua, inarudi nyuma. Kwa hiyo risasi mbili zilizopimwa sawasawa zinakwenda kwa kasi mbili. Na kipimo maradufu kinaingia humo bila kumwagika, wala kichwa hakikatai kukaa juu yake. Nje huoni tofauti yoyote.

Kuhusu masizi: ganda ni kizibo. Baruti ikiwaka kwa shinikizo la kutosha, ukuta wa ganda unatanuka, unaubana ukuta wa chumba kinachobeba risasi, moshi unakosa njia ya kurudi. Shinikizo likiwa dogo mno, ganda halitanuki, moshi unapita ubavuni na kukujia usoni. Kwenye bastola huuoni sana, kwenye bunduki shavu liko pale pale. Ganda la .45 lina ukuta mnene mdomoni, ndiyo maana linasumbua kuliko .44-40 ambalo mdomo wake ni mwembamba na huziba kwa urahisi. Miwani ya kinga usiivue hata ukiwa mtazamaji.

Sasa tiba. Rudi kwenye kipimo cha chini cha kitabu na usishuke tena chini yake. Watu wanadhani kupunguza ni usalama siku zote. Zipo baruti za kuungua polepole ambazo watengenezaji wenyewe wanakataza kuzipunguza, kwa sababu uwakaji wake unakuwa wa kubahatisha. Halafu chukua kichwa kizito kidogo, cha greni 200. Uzito unaipa baruti kitu cha kusukumana nacho, inaungua vizuri, na kwa kasi ndogo teke bado ni la upole. Mdomo wa ganda ukunje barabara kwenye kijistari cha kichwa, usiuguse juu juu. Kama bado ni kali kwa shemeji, kuna ganda fupi la Cowboy 45 Special, upenyo wa .45 Colt lakini fupi, na nafasi tupu inapungua sana. Ganda hilo ni la bastola. Bunduki yako haitalipandisha bila kubadilishiwa kifaa. Ilikuwapo pia baruti ya Trail Boss, iliyoingia sokoni mwaka 2005, punje zake kama vibiskuti vyenye tundu katikati, nyepesi lakini zinazojaza ganda, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Miaka ya karibuni imekuwa adimu. Ukweli wangu mimi: mnunulie bastola za .38 Special. Ganda dogo, kichwa kidogo, mikono inapumzika.

Wasomaji wanne wameniomba nitaje hapa greni ngapi za baruti gani. Sitaji. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, kwa ganda hilo, kwa kichwa cha uzito huo huo, toleo la karibuni. Kazini kwangu kuna vidonge viwili vyeupe vya duara vinavyofanana kama mapacha wako, kimoja kinashusha presha na kingine kinashusha sukari. Baruti nazo ni hivyo hivyo. Kopo moja tu mezani, na ukimaliza linarudi kabatini kabla ya jingine kutoka.

Na kila ganda liangaliwe ndani kabla kichwa hakijakaa. Mimi nawasha tochi ndogo, naiinamisha juu ya kile kibao cha matundu 50, napita mstari kwa mstari. Jicho linaona haraka sana uso wa baruti ulio juu au chini kuliko wa wenzake. Ndipo naandika kwenye daftari "nimeona 50", saa na tarehe. Simu inakaa sebuleni. Mtu akinigongea mlango katikati ya mstari, mstari mzima namwaga na kuanza upya.

"Assalamu alaikum. Mume wangu anafanya kazi hii kwenye meza ya kulia chakula. Anasema madini kidogo hayadhuru. Tuna watoto wa miaka mitatu na mmoja na nusu." Mama wa Minneapolis.

Wa alaikum salaam mdogo wangu. Mpe mumeo asome mwenyewe: kaka, ondoka mezani pale leo hii, kabla ya chakula cha jioni.

Madini ya risasi hayako kwenye vichwa peke yake. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini hayo hayo, na ikilipuka vumbi lake linabaki ndani ya ganda. Ukiyasugua maganda yaliyotumika kwenye mashine kavu, vumbi linapanda hewani na kutua juu ya kila kitu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatambaa, anashika, anatia mdomoni. Mwili wake unayanyonya madini hayo zaidi ya wetu, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwenye damu ya mtoto. Dhara lake huwezi kuliona kwa macho, mtoto anacheza kama kawaida.

Mwambie daktari wa watoto awapime damu, ni kipimo cha kawaida hapa, usione haya kueleza sababu. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kitambaa kitupwe. Msifagie pakavu. Kazi ihamie chumba chenye mlango na kufuli. Maganda yaoshwe kwa maji badala ya kusuguliwa makavu, na maji machafu yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Vichwa vilivyopakwa rangi ngumu vipo, navyo vinapunguza uchafu wa mikononi. Anapomaliza anawe kwa maji baridi na sabuni, abadili shati, ndipo ambebe mtoto. Baruti ikae kwenye kopo lake la asili, fataki kwenye pakiti yake, mbalimbali na mbali na joto. Hapa Phoenix banda la gari linageuka tanuri wakati wa kiangazi, mimi naziweka kabati la ndani.

"Bunduki yangu ni nakala ya Kiitaliano ya Winchester 1873, ya .38. Inakwama kila baada ya risasi chache. Fundi anasema ni nzima." Msomaji wa Tucson.

Jirani, pima urefu wa risasi zako kwa kalipa. Kwenye bunduki ya mtindo huo, urefu wa risasi ni sehemu ya mashine. Kile kijisanduku kinachopandisha risasi kinategemea risasi iliyomo ndani imzuie mwenzake wa nyuma yake. Ikiwa ndefu mno haiingii yote, kijisanduku hakipandi. Ikiwa fupi mno, ya pili inachungulia ndani, nayo inakikaba. Chukua maganda matano matupu, kalisha vichwa bila baruti wala fataki, urefu tofauti kidogo kidogo ndani ya mipaka ya kitabu, uzipitishe bunduki taratibu mpaka ujue inapenda upi. Uandike ndani ya mfuniko wa boksi.

Na vichwa viwe bapa mbele. Ndani ya lile bomba la chini ya mtutu linalobeba risasi, zimepangana mstari mmoja, pua ya kila moja imegusa fataki ya ile iliyo mbele yake. Pua iliyochongoka hapo ni nyundo inayongoja kugongwa.

"Shangazi, mimi ni mwanafunzi, nina viza ya F-1. Rafiki yangu Mmarekani ananialika tujaze pamoja na anataka kunipa boksi nikae nalo." Kansas City.

Mwanangu, usilichukue. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa ameingia kwenye mojawapo ya vighairi vichache, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye kadi ya kijani hali yake ni nyingine. Muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, mlipe hiyo saa moja. Boksi la risasi chini ya kitanda cha bweni linaweza kukugharimu shahada na nchi kwa pamoja.

"Niko Arusha, nina bunduki yenye leseni. Nikitumiwa mashine na kalibu kutoka huko naweza kuanza?" Msomaji wa Njiro.

Hapana, ndugu yangu. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya wana Sura ya 114, na kote leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi. Hapa Marekani mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujijazia mwenyewe bila kibali cha shirikisho, ndiyo maana naandika kwa uhuru. Ukiwa na swali la nyumbani, nenda polisi kwa msajili wa silaha ukaulize kabla hujaagiza kitu. Na asikudanganye mtu akakutumia fataki au baruti ndani ya mzigo wa nguo.

"Bibi, huo si mchezo wa Wazungu? Mswahili anatafuta nini kwenye kofia ya kauboi?" Bila jina, Toronto.

Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya makauboi waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas, mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, na mwaka 1875 akawa naibu marshali wa serikali kwenye Himaya ya Wahindi Wekundu, chini ya mahakama ya Fort Smith, Arkansas, akakamata wahalifu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka ule ule wa 1873 bastola yangu ilipozaliwa, mwezi Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Nikiwa uwanjani nayafikiria hayo mawili pamoja. Kila mchezaji wa SASS anavaa mavazi ya zama zile na kuchagua jina la mchezo. Mimi nafunga leso, ile ile ambayo wanawake wa pwani waliziunganisha wakati huo huo zikawa kanga. Mwenzangu wa kituo anafunga bandana. Tumeziweka kitambaa kwa kitambaa, mpangilio wa pindo ni ndugu.

"Shikamoo. Babu yangu Handeni alikuwa na gobole, nakumbuka ule moshi. Naweza kujaza .45 kwa baruti nyeusi? Na je, hii ya kisasa ingefaa kwenye gobole?" Msomaji wa Dallas.

Marahaba, mtu wa nyumbani. Nianze na la mwisho: baruti isiyo na moshi isiingie kwenye gobole, hata ncha ya kijiko. Mtutu wa gobole haukutengenezwa kwa shinikizo hilo, utapasuka na kuondoka na mkono. Ukiwa na mjomba kijijini mwenye gobole, mpigie umwambie.

La kwanza, ndiyo, na wengi wetu tunalipenda. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, na ganda la .45 lilitengenezwa kwa ajili yake. Hapa mambo yanageuka kinyume cha yote niliyomwambia Baba Mapacha: usiache nafasi tupu. Baruti ijae hadi kichwa kikikaa kiibane kidogo. Kwa hiyo kipimo maradufu hakiingii, kitamwagika mezani ukione. Silaha iwe imeruhusiwa na mtengenezaji wake, na baruti iwe ile iliyoandikwa kwa kazi hiyo, saizi ya punje kama kitabu kinavyosema. Uilinde na cheche kuliko ile ya kisasa.

Shida yake ni uchafu. Ule ukoko mweusi unavuta unyevu na kula chuma. Bastola ioshwe siku ile ile kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe, ipakwe mafuta. Maganda nayo nayatumbukiza kwenye dumu la maji pale pale uwanjani, yakifika nyumbani yameshaanza kulainika. Na grisi ya kwenye vichwa iwe laini na nyingi, isitokane na mafuta ya petroli, maana hayo yakikutana na baruti nyeusi huganda kama lami. Mimi nayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kondoo kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Nta yangu ni ya Handeni, kaka yangu aliniletea kipande kikubwa kama tofali, kimefungwa kwenye gazeti. Kimebaki robo. Anakuja tena Desemba.